Jioni Isiyo na Moshi

Ernesta alikuwa amechoka. Tusidanganyane, kijijini kila mtu alikuwa anachoka. Lakini wengine walilala na uchovu wao, wakaamka umekwisha. Uchovu wa Ernesta uliamka pamoja naye, ukashika jembe, ukaenda naye shambani.

Asubuhi aliwasha moto, akapika uji na chai. Kisha alikwenda kulima shamba la kijiji pamoja na wenzake. Mchana alirudi akasonga ugali. Baadaye alikwenda kwenye bustani yake kando ya mfereji, akamwagilia nyanya, matango na kabichi. Jua likianza kushuka, alikwenda kutafuta kuni.

Kuni ndizo zilizommaliza. Zamani, walipokaa mlimani, kuni zilikuwa nyuma ya nyumba. Ukipogoa kahawa, umepata kuni. Lakini miaka ile watu walihamia vijiji vya ujamaa. Ernesta na mumewe, Melkizedeki, walishuka tambarare, kwenye kijiji kipya njia ya kwenda Gonja. Nyumba zilipangwa safu safu, mlango unatazama mlango. Shule ilikuwa karibu na maji yalikuwa karibu. Kuni zilikuwa mbali, na kila mwezi zilizidi kuwa mbali.

Na sasa Ernesta alikuwa mjamzito. Mwaka uliopita alikuwa na mimba nyingine, nayo ilitoka. Ilitoka siku aliyorudi na mzigo mkubwa wa kuni kichwani. Hakuna aliyesema kuni ndizo zilizoitoa, wala hakuna aliyesema sizo. Watu walisema pole, wakamletea uji, basi. Tangu hapo Ernesta aliishi na hofu. Kila alipojitwisha kuni, aliweka mkono tumboni, akangoja mtoto acheze.

Akifika nyumbani, kazi ilikuwa haijaisha. Mama mkwe wake, Bibi Hedwiga, alipenda mboga ichemke sana na magadi, mpaka ilainike kabisa.

"Mboga ikibaki mbichi ni ya mbuzi," alisema Bibi Hedwiga. "Mimi sina mkia."

Basi mboga ilichemka, kuni zikaisha, moshi ukawaliza wote. Chakula kilipoiva, watoto wake, Jenoveva na mdogo wake, walikuwa wamelala wameegemea ukuta. Mara nyingi walilala hivyo hivyo na njaa yao. Ernesta naye alikula matonge mawili, akashindwa kumaliza la tatu.

Siku moja Bibi Maendeleo alipita kijijini. Huyu aliitwa Kuluthumu, mtu wa Pangani, na kazi yake ilikuwa kuwatembelea akina mama na kuwafundisha mambo ya nyumbani. Alimkuta Ernesta amekaa chini mlangoni.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bibi Maendeleo. Shikamoo."

"Marahaba, Mama Jenoveva. Mbona umekaa hivyo?"

"Miguu, dada."

Kuluthumu akainama, akabonyeza mguu wa Ernesta kwa kidole. Alipotoa kidole, pakabaki shimo.

"Umekwenda kliniki?"

"Nimekwenda. Mama nesi kaniambia jioni nilale, miguu niiweke juu ya mto. Na nisibebe mizigo."

"Na unafanya hivyo?"

Ernesta alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nikilala, nani atapika?"

Kuluthumu naye alikuwa na watoto, na alijua swali hilo si la kujibiwa kwa maneno matamu. Akachungulia jikoni. Akaona kikapu cha nyanya, matango, vitunguu na kabichi. Akaona malimau mawili matatu. Pembeni palikuwa na sufuria ya maziwa, kwa maana walikuwa na ng'ombe mmoja.

"Asubuhi unawasha moto?" aliuliza.

"Lazima. Nipike uji, nichemshe maziwa ya chai."

"Maziwa yanayobaki?"

"Yanaganda. Siku nyingine wanamaliza, siku nyingine namwagia paka."

"Basi kazi ya moto iishe asubuhi," alisema Kuluthumu. "Jioni usipike."

Ernesta alimtazama kama mtu aliyeambiwa asivute pumzi. "Nisipike? Tule nini?"

"Hivi hivi ulivyo navyo. Kesho nitarudi mapema, unichemshie maziwa tu."

Kesho yake Kuluthumu alifika, akanawa mikono kwa sabuni. Maziwa yalikuwa yanachemka. Pembeni, kwenye moto huo huo, kulikuwa na sufuria ya viazi vitamu.

"Maziwa lazima yachemke kweli kweli," alisema Kuluthumu. "Maziwa mabichi yana magonjwa. Yakishapanda na kutokota, yashushe. Sasa kamua limau, umimine kidogo kidogo huku unakoroga taratibu."

Ernesta alifanya hivyo. Maziwa yakakatika. Mabonge meupe yakaelea, na maji ya rangi ya majani yakabaki chini.

"Yameharibika," alisema Ernesta, na moyo ukamuuma.

"Hayajaharibika. Lete kitambaa chako safi."

Kitambaa kilikuwa kimechemshwa na kuanikwa juani. Wakamimina maziwa juu yake. Maji yakapita, mabonge yakabaki. Kuluthumu akatia chumvi, akafunga kitambaa, akakitundika kwenye mti wa paa la jiko.

"Maji haya usimwage. Pikia uji, yana nguvu. Hicho kilicho kwenye kitambaa kiache kidondoke mpaka kikaze. Kisha kiweke kwenye bakuli lenye mfuniko, na bakuli ulitie ndani ya beseni la maji, kivulini. Mkile jioni hiyo hiyo. Huku kwenu ni joto, kesho kitakuwa kimechacha. Hii ndiyo jibini."

Sasa, Bibi Hedwiga alikuwa amekaa nje, anapukuchua mahindi. Lugha yake ilikuwa Kipare. Kiswahili alikisikia kanisani na sokoni tu, na sikio lake moja lilikuwa zito. Neno jibini hakuwahi kulisikia hata siku moja. Lakini jini alilijua. Aliambiwa watu wa pwani wana majini, na huyu mgeni alikuwa mtu wa pwani. Akasimama mlangoni na gunzi mkononi.

"Ernesta," alisema, "mwambie mgeni wako jini lake aondoke nalo. Mjukuu wangu yumo tumboni humo."

Kuluthumu aliuma midomo asicheke. "Si jini, Mama. Ni ji-bi-ni. Ni maziwa ya ng'ombe wenu, tumeyatoa maji."

"Basi mbona mmelifunga kwenye kitambaa na kulitundika?"

Hata Ernesta akainua macho kukitazama kitambaa. Bibi Hedwiga akarudi kwenye mahindi yake, akinung'unika kwa Kipare.

Kabla ya kuondoka, Kuluthumu alimweleza Ernesta mambo ya jioni. "Mboga unazokula mbichi zioshe moja moja, kwa maji mengi. Kisha zisuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Mfereji wenu unapitiwa na ng'ombe na watoto, usiuamini. Kisu na ubao navyo vioshe. Usikatekate mapema. Kata wakati watu wako tayari kula, ndipo mboga ina faida yake yote. Kitunguu, nyanya, tango, kabichi nyembamba. Kamulia limau, tia chumvi kidogo, na mafuta kijiko kama yapo. Jibini unaivunjavunja juu."

"Hiyo si kachumbari?"

"Ni kachumbari. Lakini kachumbari peke yake haishibishi. Jibini inajenga mwili wako na wa mtoto. Viazi vya asubuhi vinaleta nguvu. Hapo umemaliza, na hujapuliza moto."

Jioni ile Ernesta hakwenda kutafuta kuni. Alikaa kwenye mkeka, akaosha mboga, akakata. Jua lilikuwa bado halijazama. Watoto walikuwa macho, wanacheza. Melkizedeki akarudi kutoka shamba la mkonge alikofanya kibarua, akanawa, akaketi. Akalitazama bakuli.

"Hiki ndicho chakula," aliuliza, "au kinakuja?"

"Ndicho hicho."

Melkizedeki alikuwa mtu wa maneno machache. Akachukua kiazi, akakichovya kwenye kachumbari, akatafuna. Limau likamkunja uso. Kisha akachukua kingine. Jenoveva alikuwa anachambua vipande vya jibini na kumpa mdogo wake. Bibi Hedwiga alikula viazi vitupu, ameligeuzia bakuli mgongo.

Ernesta alijinyoosha kwenye mkeka. Akaweka miguu juu ya gunia la magunzi. Mwili wake ulishangaa. Hakukumbuka mara ya mwisho kuliona jua la jioni akiwa amelala chali. Akataka kulia, asijue kwa nini.

Hapo ndipo jirani yao, Mwanamkasi, alipoingia uani. Alikuwa amejitanda kanga mpaka usoni, na mkononi ana bakuli la unga. Nyuma yake walikuja wanawake wengine wawili. Nyuma yao alikuja Mzee Zebedayo, balozi wa nyumba kumi, ameshika kofia mkononi.

"Poleni," alisema Mzee Zebedayo kwa sauti ya chini. "Poleni sana. Ni kazi ya Mungu."

Melkizedeki alisimama na kiazi mdomoni. "Pole ya nini, Mzee?"

Wakatazamana. Mwanamkasi akamwona Ernesta amelala mkekani, akaanza kulia.

"Imetoka tena," alisema. "Maskini mwenzangu, imetoka tena."

Ni hivi. Katika kijiji kile watu walipeana habari kwa moshi. Jioni kila nyumba ilitoa moshi wake. Nyumba yenye msiba haikuwasha moto, majirani ndio waliopika na kuleta. Mwaka uliopita, mimba ya Ernesta ilipotoka, jiko lake lilikaa baridi. Leo watu waliangalia safu ya nyumba, wakaona moshi hapa, moshi pale, na kwa Melkizedeki hakuna kitu. Wakajua.

"Sijafiwa," alisema Ernesta. Aliinuka kwa shida, akashika tumbo lake kwa mikono miwili. "Yupo. Anacheza. Nilikuwa napumzika tu."

Ilikuwa aibu kwa wote. Mwanamkasi alifuta machozi, akaanza kujicheka. Mzee Zebedayo alivaa kofia, akaivua tena. Ernesta aliwakaribisha kachumbari, lakini macho yake yalibaki kwenye lile bakuli la unga. Mimba iliyotoka ilikuwa imeletwa tena nyumbani, ikakalishwa katikati ya uwanja.

Wageni walipoondoka, Bibi Hedwiga aliingia jikoni. Alikusanya magunzi na majani mabichi ya migomba, akayawasha. Moshi mzito ukapanda juu ya paa. Hapakuwa na sufuria, hapakuwa na chungu, ni moshi mtupu.

"Watu wanatulilia tukiwa hai," alisema, macho yamejaa machozi, nusu ya moshi na nusu ya hasira. "Huu ni uchuro. Kuanzia kesho moto utawaka kila jioni. Sitaki mjukuu wangu aliliwe kabla hajazaliwa."

Ernesta alimtazama mumewe. Melkizedeki aliangalia chini. Wote wawili walimpenda yule mtoto ambaye hajazaliwa, na wote wawili waliogopa kumuudhi mama.

Basi Ernesta akarudi kwenye kuni. Alikuwa hana nguvu ya kubishana. Kubishana nako ni kazi, na kazi alikuwa nazo nyingi.

Haikupita wiki. Jioni moja, njiani kutoka porini, maumivu yakamshika kiunoni. Akatua mzigo, akakaa chini kando ya njia. Yakaja tena. Akaweka mkono tumboni, akangoja mtoto acheze. Hakucheza. Ernesta akakaa pale kwenye vumbi, akasema polepole, "Usiondoke. Nakuomba, usiondoke."

Mwanamkasi, aliyekuwa nyuma yake na kuni zake, ndiye aliyemkuta. Alitupa mzigo wake kule, akakimbia kumwita Melkizedeki. Wakampandisha Ernesta kwenye baiskeli, mmoja anasukuma, mmoja anamshika, wakampeleka zahanati.

Alikaa zahanati siku tatu. Mtoto alikuwapo. Siku ya pili alicheza, kidogo, na Ernesta akageukia ukutani akalia kimya kimya. Mama nesi alimwita Melkizedeki nje, akamweleza waziwazi.

"Mkeo asibebe tena kuni wala ndoo kubwa. Jioni alale. Mkimrudisha kwenye kuni, sijui kama nitaweza kumsaidia mara nyingine."

Melkizedeki alirudi nyumbani, akamwambia mama yake maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza. Bibi Hedwiga alikuwa anapukuchua mahindi. Mikono yake ikasimama.

"Mimi ndiye niliyetaka moshi," alisema.

"Hata mimi nilinyamaza, Mama."

Bibi Hedwiga akaweka gunzi chini. Halafu akauliza, "Yule mwanamke wa pwani anakaa wapi?"

Ernesta aliporudi, alimkuta mama mkwe wake jikoni asubuhi, ameinamia sufuria. Kuluthumu alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, amekunja mikono, hasaidii kitu.

"Limau, Mama, kidogo kidogo," alisema Kuluthumu.

"Nimesikia. Sikio hili linafanya kazi." Bibi Hedwiga alikoroga. Maziwa yakakatika. Akachota bonge dogo, akalipulizia, akalionja kwa ncha ya ulimi.

"Ni maziwa," alisema.

"Ni maziwa, Mama."

"Basi tutaita hivyo. Maziwa ya kitambaa. Lile jina lako sitalitaja ndani ya nyumba hii."

Tangu siku hiyo kazi ziligawanywa upya. Bibi Hedwiga alitengeneza maziwa ya kitambaa asubuhi. Jenoveva aliosha nyanya na matango, akayasuuza kwa maji yaliyochemshwa. Melkizedeki alileta kuni Jumapili kwa baiskeli, za kutosha moto wa asubuhi na ugali wa mchana. Mwanzoni wanaume wenzake walimcheka. Aliwajibu kwamba baiskeli haijui mzigo wa mwanamume na wa mwanamke, akapita zake. Siku za mboga ya kupika, waliipika mchana, kidogo tu, bila magadi. Jioni walikula baridi, na watoto walikula kabla ya usingizi kuwachukua.

Lakini majirani? Jioni ya kwanza Bibi Hedwiga alitoka mwenyewe. Alipita nyumba hadi nyumba na fimbo yake.

"Kwangu leo hakuna moshi," aliwaambia. "Hakuna aliyekufa. Mkwe wangu amelala. Msije na unga. Mkitaka kuja, njooni mle."

Mwanamkasi alikuja kula. Alikula, akaomba kufundishwa. Mumewe, Chande, alilalamika kuwa chakula kisicho na moto hakimfiki tumboni. Baada ya siku chache alikuwa anauliza mbona jibini ya leo ni ndogo. Nyumba ya tatu ikafuata, kisha nyingine. Si kila siku, wala si kila nyumba. Wengine hawakuwa na maziwa, wakatumia karanga zilizokaangwa asubuhi na kutwangwa. Ikawa jioni ukiangalia ile safu, huwezi kujua nani ana msiba na nani amepumzika. Katika mkutano wa nyumba kumi, Mzee Zebedayo alisimama, akakohoa.

"Ndugu zangu, mimi nimeshakwenda kutoa pole nyumba tatu zisizo na msiba. Nyumba mbili wamenilisha matango. Kuanzia leo, anayefiwa atume mtu. Moshi siufuati tena."

Watu walicheka sana. Ernesta alikuwa nyumbani, miguu juu ya mto. Alikisikia kicheko kile kwa mbali.

Mtoto alizaliwa mvua za vuli zilipoanza, miezi yake ikiwa imetimia. Alikuwa msichana, mzito, mwenye sauti. Wanawake wa safu nzima walikuja kumwona jioni ile ile aliporudishwa nyumbani. Walikuja na vigelegele, wakaanza kupiga hodi kwa nguvu.

Bibi Hedwiga aliwatokea mlangoni na mtoto mikononi. Aliweka kidole mdomoni.

"Mtoto huyu hapa, mtazameni," alinong'ona. "Mama yake amelala. Hakuna kumwamsha."

Jua lilikuwa bado liko juu ya mlima. Wanawake wakavua ndara, wakaketi uani bila kelele, wakampokezana mtoto mmoja mmoja. Ndani, Ernesta alilala mpaka asubuhi.